Msaada: mtoto wa miaka minne ana neno moja, na Jumamosi tunakwenda kwa bibi yake

Baba_wa_Saba: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye watoto wengi. Wenye mmoja mnaruhusiwa pia, ila msinihubirie.

Kwangu Mbagala kuna watoto saba, watano wangu na wawili wa marehemu kaka. Huyu wa nne ana miaka minne na ana mdomo. Juzi tulikuwa na mgeni, stori zimekolea, haondoki. Mtoto katoka jikoni, kaenda mlangoni, kabeba viatu vya mgeni, kamwekea miguuni vikitazama nje. Akamwambia, "Kuku ameiva."

Sasa Jumamosi tunakwenda Muheza kwa mama yangu, na ndugu wote wanane tutakuwepo. Huyu mtoto kuna neno moja analitumia vibaya na sitaki alitumie kule. Nifanyeje alisahau ndani ya siku nne? Au nimwache kwa jirani?

Mama Pacha: Hahaha, kuku ameiva! Wangu mapacha, nilimchapa mmoja kwa kumwaga uji. Akalia weee, alipomaliza akasema, "Mimi siye." Nikamwita mwenzie. Akaja taratibu, akaniambia, "Mimi tayari."

Nyundo_ya_Mbao: Watoto wa siku hizi wamezoeshwa kujibu jibu. Enzi zetu mgeni akija unasalimia, unapotea. Fimbo haijawahi kuua mtu.

Mama Pacha: @Nyundo_ya_Mbao wewe una watoto wangapi?

Nyundo_ya_Mbao: Natafuta mke.

mwl_awali: Nafundisha darasa la awali. Umri huo ndiyo kwanza anaanza kuelewa kwamba analolijua yeye mwingine anaweza asilijue. Ukimwambia "usiseme" umemwonyesha kwamba neno lina utamu, atalisema mlangoni kabla ya shikamoo. Badala ya kumkataza, mpe neno jingine. Ni neno gani hasa?

Baba_wa_Saba: Ni jina la kitu tu mwalimu. Anakosea jina la kitu. Tusilikuze.

Shangazi wa Kisauni: Mie kwetu tulikuwa kumi na mmoja. Kitinda mimba siku ya kwanza skuli aliulizwa ana ndugu wangapi. Akajibu, "Sijui, leo sijawahesabu." Mpaka leo ni mtu mzima na harusini twamuuliza kama ametuhesabu.

Mpwa_wa_Ngamiani: Kaka, mtoto akikosea jina la kitu mtu hamfichi kwa jirani. Wangu anaita bodaboda "bibibi" na nazunguka naye mji mzima. Taja neno.

Baba_wa_Saba: Haya. Televisheni anaiita "bati za bibi".

Mpwa_wa_Ngamiani: Kwa nini?

Mama Pacha: Kwa nini, Baba Saba?

Baba_wa_Saba: Ndugu zangu tulichangishana 100,000 kila mmoja tumwezekee mama nyumba, bati 30 geji 30 pamoja na mbao na misumari. Mimi ndiye mshika hela. Kabla sijanunua ikatokea televisheni ya inchi 43, mtu anahama, anauza kwa shida. Mke wangu ilipowashwa mara ya kwanza akasema, "Haya, watoto, njooni muone bati za bibi." Kwa hasira. Mtoto akadhani ndilo jina lake. Sasa ni "zima bati za bibi tulale", "bati za bibi zina katuni". Rimoti bado ina nailoni yake, anaiita "msumari".

Na kabla hamjanirukia: watoto walikuwa wanachungulia katuni dirishani kwa jirani, wanafungiwa pazia. Nyie mngevumilia? Hela nairudisha, sijasema sirudishi. Nauli ya basi nimeshalipa ya watu wanane, yeye hayumo.

Nyundo_ya_Mbao: Kumbe mwenye mdomo siye mwenye kosa. Ile fimbo naihamisha.

Hajjat_Makunduchi: Subhanallah. Mama yako mzazi avujiwe na wewe utazame mpira? Hiyo ni amana. Mtoto wa watu anasema kweli, nawe wataka kumziba mdomo.

Baba_wa_Saba: Hajjat, hajavujiwa. Bado. Tatizo ni kwamba wiki iliyopita mtoto alishika simu akaongea na bibi yake. Akamwambia, "Bibi, bati zako baba kazifunika kitambaa zisiingie vumbi." Mama alilia kwa furaha, akaniombea dua ndefu mpaka salio likakata. Ameshamwita fundi. Jumamosi fundi anakuja kutoboa.

Shangazi wa Kisauni: Nimeangusha kikombe.

Mchungu_Kama_Shubiri: Hii ni chai, leteni maandazi. Bibi gani wa Muheza aambiwe bati zimefunikwa kitambaa asiulize kitambaa cha ukubwa gani? Halafu nauli ya watu wanane: baba, mama na watoto saba ni tisa, ukimtoa huyo wanabaki wanane, hesabu imekaa sawa mno. Mtu mwenye jasho hapigi hesabu sawa.

Mpwa_wa_Ngamiani: Yaani ushahidi wa uongo ni kwamba hesabu iko sahihi?

Mchungu_Kama_Shubiri: Na huyo "wa nne" ni wa nne kati ya watano au kati ya saba? Atuambie.

Baba_wa_Saba: Wa nne kwa wangu, wa sita ukiwachanganya na wa kaka. Niwaletee na cheti cha kuzaliwa? Mtu ana shida nyie mnapima chai.

mwl_awali: Mimi namwamini. Darasani kwangu yupo aliyekuwa anaita mvua "Mama Anua", kwa kuwa ikianza tu kila mtu uani hupiga kelele "mama, anua nguo!" Kikombe nilichoshika sasa hivi nimenunuliwa na yeye akiwa kidato cha pili.

Mchungu_Kama_Shubiri: Chai na kikombe chake.

Mama Pacha: Baba Saba, mwite dada mkubwa pembeni, mwambie ukweli kabla mtoto hajamwambia. Au uza TV leo.

Baba_wa_Saba: Mrejesho. Nimejaribu kuuza. Jamaa kaja saa kumi, kawasha, karidhika, kaanza kuzungusha waya. Mtoto kakumbatia mguu wa meza, analia kwa sauti ya juu: "Msichukue bati za bibi! Bibi atalowa!" Jamaa kanitazama, kaniuliza taratibu kama mali hii ina kesi. Kaacha waya pale pale chini, kaondoka. Mke wangu yuko jikoni anacheka peke yake tangu saa hiyo. Dada mkubwa nimempigia mara mbili nikakata kabla hajapokea. Sasa anapiga yeye.

Hajjat_Makunduchi: Pokea.

Mpwa_wa_Ngamiani: Pokea mkuu, usimpe mtoto simu.

Nyundo_ya_Mbao: Inchi 43 umesema? Natoa 300,000, na huyo mtoto aje na rimoti anifundishe.