Mume wangu ana ADHD, chumbani mwili upo akili haipo. Naombeni ushauri

FundiMsomi88:
Habari za mda huu wakuu. Naombeni msinicheke maana nimeandika nikafuta mara kibao. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, mtoto wetu yuko darasa la pili. Mwaka jana walimu walituita wakasema mtoto hatulii, penseli zinapotea kila siku, anaruka swali la kwanza anaenda la tano. Tukampeleka kwa daktari, sasa yule daktari kila dalili anayotaja mume wangu ananigusa na kiwiko anacheka, mwisho naye akahojiwa, wote wawili wakakutwa na ADHD, ile hali ya ubongo ya kutotulia na kukosa umakini.

Shida iko chumbani. Enzi za uchumba huyu mtu alikuwa hatari, meseji asubuhi mchana usiku, anapanda basi toka Morogoro aje anione tu jioni moja ageuze. Siku hizi tuko katikati ya shughuli anasikia bomba linavuja, anakaa kitako, "hivi ile washa nilinunua?", ukimfata unamkuta ana spana na sinki lishafunguliwa. Usiku mwingine nikimpapasa taratibu anashtuka anasema namtekenya. Hii ADHD kweli inafika mpaka huko au nimechokwa?

KijanaWaTandale:
Mume anafunga bomba la nyumbani kwake unalalamika? Wenzio waume zao wanafunga mabomba mtaa wa pili 😂😂

Babu Kidevu:
Sisi zamani hatukuwa na hizo ADHD, mtu akizubaa anapewa supu ya pweza na karanga mbichi basi. Ila nikikumbuka vizuri, mke wangu wa kwanza, tuko Tanga miaka ya themanini, alikuwa anabandika maharage ndo anakuja chumbani, sasa ikifika sehemu nzuri anakumbuka maharage. Nimekula maharage yaliyoungua ndoa nzima. Mwisho nikanunua jiko la mchina nikawa napika mwenyewe.

SadakaYaAsubuhi:
Dada mmesimama kwenye maombi? Ndoa nyingi zinashambuliwa na sisi tunakimbilia majina ya kizungu. Na hiyo simu ya mumeo umeshaikagua?

Mfamasia Mnyamavu:
Mleta mada, jibu fupi ni ndiyo, inafika. Umakini wa mtu mwenye ADHD hauendi anakotaka yeye, unaendeshwa na kitu kipya au cha haraka, ubongo wake unatumia dopamini, kemikali ya hamasa, tofauti na wako. Ndo maana uchumba ulikuwa moto, ulikuwa mpya, alikuganda wewe kama wengine wanavyoganda kwenye gemu. Mkishazoeana bomba linakuwa jipya kuliko wewe, na haimaanishi hakupendi. Wengine ngozi yao haivumilii mguso mwepesi, mguse kwa kukaza mkono au muulize anapenda vipi. Hamisheni mda, saa tano usiku ashachoka, jumamosi mchana mtoto akiwa kwa bibi ni kitu kingine, simu ibaki sebuleni. Na kama kutwa unamkumbusha funguo, bili, ada, basi usiku anaona mama yake kaingia kitandani, na wewe unaona una watoto wawili. Hapo hamu inakufa pande zote.

Ila ADHD ya ukubwani haizuki. Vigezo vya DSM-5, kitabu cha madaktari cha kutambua matatizo ya akili, vya mwaka 2013 vinataka baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Kwahiyo niambie, kipi kilikuwepo tangu zamani na kipi kimeanza juzi? Anatumia dawa?

FundiMsomi88:
Asante mkuu umenisoma. Kuzubaa kupo tangu nimjue. Dawa ndio anatumia, sikuona umuhimu wa kusema.

Bi Mkora:
Hukuona umuhimu eeh. Jina la dawa?

FundiMsomi88:
Kapsuli za atomoksetini, shemeji anatuletea kutoka India. Kazini kwakweli kabadilika, anamaliza vitu. Ila tangu aanze, hata akiwa ametulia, mashine yenyewe inakuwa nzito kuamka. Yeye anaona aibu.

Mfamasia Mnyamavu:
Sasa hapo una mambo mawili umeyafunga furushi moja. Hiyo dawa kupunguza hamu na nguvu za kiume ni athari inayojulikana, imeandikwa mpaka kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Sio uchawi na hujachokwa. Asiache wala kupunguza mwenyewe, arudi kwa daktari aseme waziwazi, kuna kurekebisha dozi au kubadili dawa. Kliniki za afya ya akili zipo Muhimbili na Mirembe.

KijanaWaTandale:
Mirembe tena? Mtu kafunga bomba tu mnampeleka Dodoma 😭

Bi Mkora:
Mdogo wangu mie nimeolewa mara mbili, mtu anayetaka dawa haulizi "nimechokwa". Kuna kitu umeruka. Sema.

FundiMsomi88:
Haya. Niliomba uhamisho na umeshatoka, mwezi ujao naripoti Tabora. Yeye hajui. Na kabla hamjaanza, niliomba kabla sijajua habari za dawa, na sio kwamba namwacha, nataka nipumue tu, mtu ambaye kila kitu cha nyumba anakikumbuka peke yake anachoka jamani, na hata nikimwambia leo atasahau mpaka ijumaa. Mtoto nitaenda nae. Shule nishalipia.

SadakaYaAsubuhi:
Shule umelipia halafu unaomba ushauri.

Bi Mkora:
Tabora kuna nani?

FundiMsomi88:
Kuna kazi. Usinivunjie heshima dada.

Chunguza Kwanza:
Wakuu mnakunywa chai ya moto hapa na vitafunwa mmeleta wenyewe. Nimepitia akaunti hii. Machi ilifungua uzi inauza kiwanja Kibaha, "mimi ni baba wa mtoto mmoja, mnunuzi aje kwa siri, mke asijue". Leo ni mwanamke wa miaka 34. Jina lenyewe Fundi!

KijanaWaTandale:
Nilijua tu. Rudisha muda wangu.

Babu Kidevu:
Ndo mana sinki lilinitia wasiwasi.

FundiMsomi88:
Akaunti ni ya mume wangu, imefunguka kwenye laptop ya nyumbani, yeye password alishaisahau. Kiwanja kipi? Kile kina msingi umeshajengwa, tumekatwa kwenye mshahara wangu miaka mitatu. Nipeni link.

Chunguza Kwanza:
Nimeweka hapo chini. Kichwa kinasomeka KIMEUZWA.

Mfamasia Mnyamavu:
Iwe chai isiwe chai, kwa wengine wanaosoma, tarehe ya kuanza dawa na tarehe hamu ilipopotea ziandikeni mkienda kwa daktari. Mengine mtajua wenyewe.

Bi Mkora:
Mmoja anahama kimya, mwingine anauza kimya. Na huyu ndo wanasema hana umakini? Mbona kwenye kiwanja katulia mpaka mwisho?

SadakaYaAsubuhi:
Mods fungeni huu uzi.

FundiMsomi88:
Msifunge. Yupo bafuni hapa anatengeneza bomba, ngoja akitoka.

Babu Kidevu:
Kibaha sehemu gani hicho kiwanja? Kama aliyenunua hajamalizia hela mimi nipo.