Nani kawafundisha kufuta kila kitu kwenye make clean?

Wakuu, naandika hapa nikiwa Nkuhungu, saa saba usiku, na hasira hazijashuka tangu jioni.

Kuna programu tunatengeneza ya kurekodi uzito wa zabibu za wakulima wa Hombolo. Wiki mbili nimekaa na madaftari yao, nimeingiza uzito wa kila kreti kwa mkono, mstari kwa mstari, kwenye faili za CSV (majedwali ya maandishi matupu) za kujaribia hesabu. Jana jioni nikabadilisha kitu kidogo kwenye kodi, nikapiga make clean nijenge upya (make ndiyo inayojenga programu kutoka kwenye kodi, clean ni amri yake ya kusafisha). Sekunde moja. CSV zote hazipo. Faili ya mipangilio haipo. Hata maktaba nilizoshusha kwa bando langu mwenyewe zimekwenda.

Nafungua Makefile, faili ya maelekezo ya make, nakuta mwenzetu kaandika rm -rf build libs config.mk *.csv, yaani futa bila kuuliza folda ya ujenzi, maktaba, mipangilio na kila CSV. Eti kwa sababu programu inatoa ripoti zake kwa CSV, kaona afagie zote! Na huyohuyo ndiye aliyeweka *.csv kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo git (kitunza historia ya kodi) inaziruka, kwa hiyo msije kuniambia "rudisha kutoka git". Git haikuwahi kuziona.

Jamani, hili jambo lina utaratibu wake. Make ipo tangu 1976, na watu wa GNU, mradi wa programu huria, wameandika wazi: clean inafuta kilichozaliwa na ujenzi, yaani faili za .o (vipande vya kodi iliyokwisha kutafsiriwa) na programu yenyewe. Mipangilio haiguswi, hiyo ni kazi ya amri nyingine, distclean. Hata faili za C zinazotolewa na Bison (programu inayozalisha kodi) huachwa mpaka amri ya maintainer-clean, maana si kila mtu ana Bison kwenye mashine yake. Kabla hujaongeza jina la faili pale, jiulize: make ikiitwa tena, itairudisha yenyewe? Kama inahitaji mkono wa mtu au bando, iache!

Ripoti zingetoka ndani ya folda ya build, ukafuta folda hiyo, basi. Kinyota cha *.csv cha nini?

Nimemwambia kwenye grupu, kanijibu "kusafisha ni kusafisha". Mzee aliyeniazima daftari lake nikamwambie hivyo?

Aliyewahi kurudisha faili kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) baada ya rm, tena diski ni SSD, aje haraka. Laptopu nimeizima, niko kwenye simu.