Miembe ya kubebesha ina majani mengi lakini haitoi maua

Swali
Ndugu wakulima, habari za kazi. Nina miembe ya aina ya Apple niliyoipanda Mkuranga, na sasa imeingia mwaka wa nne. Niliambiwa kwamba mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa kijiti cha mwembe mwingine, huanza kuzaa baada ya miaka 3, lakini yangu haijatoa hata ua moja, ingawa imestawi, imejaa majani na huchipua mara kwa mara. Naiwekea samadi na urea kila masika, na wakati wa kiangazi naimwagilia kila wiki. Je, niendelee kusubiri, au niing'oe nipande mingine?

Jibu la kwanza
Usiing'oe. Chunguza kwanza shina, kiasi cha shubiri moja au mbili kutoka ardhini, utafute kovu la mahali ilipobebeshewa. Kama matawi yote yametoka juu ya kovu hilo, mti ni ule ulioununua. Ikiwa kikonyo, yaani kijiti cha Apple kilichounganishwa juu, kilikufa na kilichokua ni chipukizi la chini ya kovu, basi unalea mwembe wa kokwa, ambao unaweza kuchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na embe lake halitakuwa Apple. Hata huo hauna haja ya kung'olewa, kwani fundi mzuri anaweza kuubebesha upya hapo hapo shambani.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kovu, ila kwa maelezo yako nashuku zaidi maji na urea. Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa na kupumzika. Ncha inayotoa majani mapya, yale mekundu na laini, haitoi ua kwa wakati huo. Huku Pwani mapumziko hayo huletwa na ukavu unaofuata masika pamoja na ubaridi wa Juni na Julai, na unapomwagilia kila wiki katika miezi hiyo hiyo, juu ya naitrojeni ya urea, unauhimiza mti uendelee kuchipua. Acha urea mwaka huu na upunguze samadi, kisha usimwagilie tangu masika yanapokatika hadi uone vitunda vilivyofikia ukubwa wa punje ya harage. Kuanzia hapo maji yanahitajika sana. Ukiona majani yananyauka, hasa kwenye mchanga mwepesi, mwagilia kidogo tu.

Jibu la tatu
Naongezea jambo moja, kwa sababu wengi hupata maua kisha wakayapoteza yote. Mashada yakianza kuchomoza, yakague kila baada ya siku chache: vumbi jeupe juu yake ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, nao hupukutisha maua kabla hayajashika tunda. Nyunyizia salfa mapema, asubuhi au jioni, kwani ikipigwa kwenye jua kali huunguza maua. Dawa za wadudu usizitumie maua yakiwa yamefunguka, maana nzi na nyuki ndio wanaouchavusha mwembe.