Tupeane uzoefu: Ulivyobanwa na watu wa dini yako mwenyewe

Wakuu, habari za muda huu. Mijadala ya misimamo mikali huwa inaishia kwenye dini hii dhidi ya ile. Leo nataka za ndani. Gandhi wa India aliuawa 1948 na Mhindu mwenzake, Rais Sadat wa Misri 1981 na Waislamu wenzake, Waziri Mkuu Rabin wa Israel 1995 na Myahudi mwenzake. Kosa lao? Walionekana wamelegea kwa upande wa pili. Wewe yalikukuta yapi? Usitaje jina la mtu, kanisa wala msikiti.

Mlokole Mstaafu: Kwetu ilianza na "msihudhurie harusi za wasiookoka." Nikatii, harusi naweza kuikosa. Kisha jirani yangu Muislamu akafariki, nikaenda kuzika. Ibada iliyofuata niliitwa mbele nikakemewa pepo, nimesimama na akili zangu timamu! Hakuna aliyenigusa hata kwa kidole. Ila simu zilikata, kikundi cha maombi kikahamishiwa nyumba nyingine bila kuambiwa, na mke wangu akawa anasalimiwa kwa mbali kama mwenye ukoma. Miaka yote ile niliwaita ndugu.

Bint Maulidi: Mdogo wangu alipopata marafiki wapya kila kitu kikawa bidaa, yaani uzushi kwenye dini: maulidi, dua ya hitima, hata kuzuru kaburi la baba. Mwaka 2012, wenye silaha walipobomoa makaburi ya mawalii Timbuktu, Mali, alisema wamefanya kazi nzuri. Waislamu wanabomoa makaburi ya Waislamu, na yeye anashangilia! Mmoja wao alihukumiwa miaka 9 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2016, akakiri kosa na kuomba radhi. Nikampelekea mdogo wangu habari hiyo. Kaisoma, hajajibu mpaka leo.

Kimya Kingi: Nilioa nje ya dini, mzee akanifukuza. Wajukuu wamemlainisha. Basi.

Mshika Dini: Mleta mada unatupaka rangi moja. Mimi nashika dini barabara, sijawahi kumsumbua mtu.

Mleta mada: Hujakosea mkuu, kushika sana si kosa. Ninachouliza ni unamfanyaje anayeshika tofauti na wewe. Servetus, msomi wa dini kutoka Hispania, alichomwa moto Geneva mwaka 1553 kwa kuukana Utatu. Waliomchoma ni Waprotestanti, wakati Waprotestanti wenzao wanachomwa Ufaransa kwa kuitwa wazushi! Mateso hayakuwafundisha kitu. Castellio, msomi wa wakati huo na naye Mprotestanti, alipinga waziwazi wazushi kuuawa, akaandamwa na hao hao wa kwake.

Mshika Dini: Hapo nimekuelewa. Ila Mlokole, ulirudi kanisani?

Mlokole Mstaafu: Pale hapana, nasali kwingine. Kabla sijajiunga nilimuuliza mchungaji: nikienda kumzika Muislamu, nitaitwa mbele? Akaniuliza, "Kwani jirani yako anazikwa na nani?"