Mgongano wa spraiti: boksi, duara au pikseli kwa pikseli?

ndegeya2D: Wakuu habari zenu. Natengeneza gemu ya 2D, ndege inapenya kwenye vimondo huku inafyatua risasi. Kujua vitu vimegusana nilianza na boksi kwa kila spraiti (picha ya kitu ndani ya gemu), sasa mchezaji anakufa wakati kwa macho kabisa hajagusa kitu, ni kona tupu ya boksi ndo imegusa. Nikahamia pikseli kwa pikseli, yaani kulinganisha nukta za picha moja moja, hapo iko sahihi ila vimondo vikifika 200 gemu inakwamakwama. Halafu kuna risasi zinapita kwenye kimondo kama hakipo. Nichague njia gani?

mzee_wa_lupu: Mkuu usichague moja, angalia umbo la kitu. Kimondo ni duara kwahiyo mpe duara, unachukua umbali kati ya vitovu viwili, ukiwa mdogo kuliko jumla ya nusu vipenyo vimegusana, na wala usihangaike na kipeuo cha pili, linganisha miraba yake tu inatosha. Ndege ni ndefu na inazunguka, ibandikie viduara viwili vitatu mwilini, vifanye vidogo kidogo kuliko picha. Mchezaji akiponea chupuchupu anafurahi, ila akifa bila kuguswa gemu anaifuta. Pikseli mi naona hapo huihitaji kabisa.

fremu60: Kwani vimondo vyako vinagongana vyenyewe kwa vyenyewe?

ndegeya2D: Hapana, vinapishana tu. Ila lupu (ile kodi inayojirudia) inakagua kila kitu na kila kitu

fremu60: Basi tatizo lako kubwa ni hapo. Vitu 200 ni jozi 19,900 kila fremu (kila picha moja inayochorwa kwenye skrini), kwa fremu 60 unakaribia ukaguzi milioni 1.2 kwa sekunde na karibu wote hauna kazi. Kagua ndege na vimondo, risasi na vimondo, basi. Zikiongezeka sana ndo ugawe skrini kwa gridi ya vyumba vya mraba, kila chumba kisipungue upana wa kimondo kikubwa kuliko vyote, unakagua chumba chako na vile 8 vinavyokizunguka.

mzee_wa_lupu: Na risasi, ikienda pikseli 1,200 kwa sekunde inaruka 20 kila fremu, kimondo cha upana wa 12 inaweza kukivuka bila kukigusa. Chora mstari toka ilipokuwa mpaka ilipo sasa, tafuta nukta ya mstari iliyo karibu zaidi na kitovu cha kimondo, umbali ukiwa ndani ya nusu kipenyo imepiga. Kama kimondo nacho kina kasi, toa mwendo wake kwenye mwendo wa risasi kwanza.

ndegeya2D: Nimetoa zile jozi za vimondo nikaweka viduara, haikwami tena hata na 200! Sasa naingia kwenye huo mstari wa risasi, asanteni sana.