Kipindi cha injili cha Bob Dylan, 1979 hadi 1981: je, tulikihukumu kwa haki?

Msikilizaji wa Santuri anauliza:

Wanajukwaa, salaam. Kila Bob Dylan anapotajwa, hasa tangu alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2016, mazungumzo hutua kwenye miaka ya 1960, yakagusa kidogo katikati ya miaka ya 1970, kisha yakarukia nyimbo za uzeeni mwake. Albamu tatu alizozitoa mfululizo baada ya kuokoka, yaani Slow Train Coming ya Agosti 1979, Saved ya Juni 1980 na Shot of Love ya Agosti 1981, hupewa sentensi moja tu, na sentensi yenyewe huwa ya kusikitika: kwamba mtunzi mkubwa alipotea njia kwa muda, akahubiri badala ya kuimba, halafu akajirudi.

Maelezo hayo hayaniridhishi. Nimezisikiliza albamu mbili za kwanza kwa makini, na ninaamini kwamba wengi walichukizwa na ujumbe kabla hawajausikiliza muziki. Hata hivyo kuna jambo linanitatiza. Slow Train Coming imejaa nguvu kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali Saved, ambayo kwa maneno yake ina unyenyekevu na kina zaidi, inasikika kama imepigwa na watu waliochoka. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni nini kilichotokea katikati ya albamu hizo mbili. Na wale mliolelewa katika kwaya na mikutano ya injili, naomba mseme: mkizipima nyimbo hizi kwa kipimo cha injili yenyewe, si cha roki, zinasimama?

Mzee wa Gramafoni anajibu:

Ndugu Msikilizaji, swali lako la kwanza linahitaji tarehe, kwa sababu lawama nyingi zimetokana na kuchanganya mambo yaliyopishana kwa miezi. Dylan alizaliwa mwaka 1941 katika familia ya Kiyahudi huko Minnesota, na Biblia ilikuwamo ndani ya nyimbo zake tangu ujanani. Ibrahimu anayeagizwa kumtoa mwanawe sadaka anafungua wimbo wake mmoja wa mwaka 1965, na albamu ya John Wesley Harding ya mwaka 1967 imefumwa kwa lugha ya manabii, Isaya akiwa mmojawapo. Kwa hiyo kilichobadilika mwishoni mwa mwaka 1978 hakikuwa msamiati, bali mahali aliposimama yeye mwenyewe kuhusiana na maneno hayo. Novemba ya mwaka huo, akiwa katika ziara ndefu, mtu mmoja kwenye hadhira ya San Diego alirusha msalaba mdogo wa fedha jukwaani, naye akauokota. Muda mfupi baadaye, katika chumba cha hoteli mjini Tucson, Arizona, alipata kile alichokieleza kuwa ni kuguswa na uwepo wa Yesu. Mwanzoni mwa mwaka 1979 alihudhuria kwa miezi kadhaa mafunzo ya Biblia ya kanisa la Vineyard huko California, na ilipofika mwisho wa Aprili alikuwa studioni Muscle Shoals, Alabama.

Uchaguzi huo wa studio unaeleza mengi. Mtayarishaji alikuwa Jerry Wexler, mtu aliyewahi kusimamia rekodi kubwa za Aretha Franklin na Wilson Pickett, akisaidiwa na mpiga kinanda Barry Beckett, huku gitaa likipigwa na Mark Knopfler, kijana ambaye bendi yake ya Dire Straits ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujulikana. Wexler alikuwa Myahudi asiyeamini Mungu, na Dylan alipojaribu kumhubiria alimwomba waachane na hayo, watengeneze albamu. Waliitengeneza vizuri: ilifika nafasi ya 3 Marekani, na Februari 1980 wimbo wake wa kwanza, Gotta Serve Somebody, ukampatia Dylan tuzo ya Grammy ya uimbaji wa roki. Tusiseme basi kwamba kipindi hiki kilikataliwa tangu mwanzo.

Kilichowaudhi watu ni jukwaa. Tarehe 1 Novemba 1979 Dylan alianza maonyesho 14 katika ukumbi wa Warfield mjini San Francisco, na katika maonyesho yote hayo hakuimba hata wimbo mmoja wa zamani. Watu waliokuwa wamekata tiketi kwa ajili ya Like a Rolling Stone waliambulia nyimbo ambazo baadhi yake hazikuwa hata zimerekodiwa, na katikati ya nyimbo wakahubiriwa. Wapo waliozomea, na gazeti moja la mji huo liliikejeli injili yake katika kichwa cha habari. Yeye hakurudi nyuma. Aliendelea hivyo hadi Mei 1980, zaidi ya nusu mwaka, na sijui mtunzi mwingine wa kiwango chake aliyefungia kabatini hazina kama ile kwa hiari yake mwenyewe, huku akijua fika kwamba kila usiku unampunguzia wasikilizaji.

Sasa tazama Saved iko wapi katika mlolongo huo. Nyimbo zake zilikuwa zikiimbwa jukwaani tangu Novemba, zikapevuka mbele ya watu usiku baada ya usiku, kisha Februari 1980, baada ya awamu nyingine ya ziara, bendi ikaingia studioni kwa siku chache tu na kuzirekodi kwa haraka. Uchovu unaousikia ni wa kweli. Tatizo ni kwamba santuri hiyo ndiyo iliyobaki mikononi mwa umma kama ushahidi. Ukiacha kanda za magendo zilizozunguka kwa wapenzi wachache, karibu hakukuwa na rekodi rasmi ya maonyesho yale hadi Novemba 2017, ilipotoka Trouble No More, mkusanyo wa CD 8 unaohusu miaka hiyo mitatu. Kwa zaidi ya miaka 35 watu wamekuwa wakimhukumu Dylan wa injili kwa nakala hafifu, ilhali nakala halisi ilikuwa imefungiwa ghalani.

Sauti ya Pili anajibu:

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kutupangia miaka. Mimi nitajibu swali la pili, nikiwa mtu niliyeimba kwaya tangu Shule ya Jumapili na ninayeimba hadi leo.

Jambo la kwanza ambalo wakosoaji hulipita haraka ni kwamba maonyesho ya Warfield hayakufunguliwa na Dylan. Yalifunguliwa na mwanamke mmoja, Regina Havis, ambaye leo anajulikana zaidi kama Regina McCrary, binti wa mchungaji Samuel McCrary wa kundi kongwe la injili la Fairfield Four la Nashville. Alisimama akasimulia habari za mama mzee anayetaka kupanda treni akamwone mwanawe aliye mahututi, wala hana tiketi, na kondakta anamkatalia. Mama anabaki kituoni akiomba, hadi kondakta mwenyewe anarudi na kumwambia apande. Hapo wanawake wenzake walipokea kwa wimbo wa tiketi na treni, wakaimba nyimbo kadhaa wakisindikizwa na piano, na ni baada ya hapo tu ndipo Dylan alipotokea. Mtu maarufu kuliko wote ukumbini aliwaachia waitikiaji wake mlango wa ibada. Ninayajua makanisa ambako mwimbaji mgeni asingeweza kuvumilia kukaa nyuma ya pazia muda wote huo.

Waimbaji hao hawakuwa pambo. Helena Springs, Monalisa Young, na baadaye Clydie King na Carolyn Dennis, walikuwa na sauti zilizomlazimisha Dylan aimbe kwa kujibizana, na ukisikiliza rekodi za Toronto za Aprili 1980 utamsikia akisukumwa nao. Anarefusha neno pale wanapomwachia nafasi, analikata wanapoingia, na mara nyingine anaacha mstari bila kuumaliza kwa sababu wao wamekwisha kuumaliza. Mtu aliyezoeleka kwa kuimba kama anayemsemesha hasimu wake anasikika hapa akiimba kama anayetegemea wenzake.

Ndugu Msikilizaji, wakosoaji wa roki waliulaumu wimbo wa Pressing On kwa kuwa kiitikio chake kina maneno machache yanayorudiwarudiwa. Walitarajia shairi refu kama yale ya mwaka 1965. Kwetu sisi hilo ni pambio, na pambio halitungwi ili lisomwe mezani. Linatungwa ili mtu ambaye hajawahi kulisikia aliitikie mara ya pili na kulimiliki mara ya tatu. Asili yake ni Wafilipi 3:14, mahali Paulo asemapo, "nakaza mwendo, niifikilie mede ya thawabu," na katika maonyesho Dylan aliuanza kwenye piano, karibu bila kitu kingine, kabla sauti za wanawake hazijaingia na ngoma za Jim Keltner kuubeba. When You Gonna Wake Up nao umesimama juu ya Ufunuo 3:2: "Uwe mwenye kukesha, ukayaimarishe mambo yaliyosalia, yanayotaka kufa." Mtu anayelijua andiko hilo anaelewa kwamba mtunzi hakuwa akiwakemea wengine pekee, kwani barua hiyo iliandikiwa kanisa.

Kuhusu When He Returns, unaofunga Slow Train Coming, fahamuni kwamba Dylan alikusudia uimbwe na waitikiaji wake, yeye akaweka sauti ya kuwaongoza tu. Beckett akamfuata kwa piano bila maandalizi, na kilichotoka kilikuwa kizuri kiasi kwamba Dylan aliamua kuuimba mwenyewe, akafanya mazoezi juu ya piano ileile kisha akarudia sauti. Hakuna ngoma wala gitaa humo. Kwa kipimo cha injili, jibu langu ni ndiyo, zinasimama, na wimbo huo mmoja ungetosha kuwa ushahidi.

Bin Forodhani anajibu:

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu niliyekulia kwenye maulidi na kasida, kwa hiyo mtu kumsifu Mola wake kwa sauti ya wimbo hakunitishi hata kidogo; kinyume chake, ndiko kulikonivuta kwenye kipindi hiki. Dada Sauti ya Pili amesema vizuri, lakini naomba kutathmini upya kusigeuke kuwa kusafisha.

Katika wimbo unaobeba jina la albamu ya kwanza, Slow Train, kuna ubeti unaowachora masheikh wa mafuta wakitembea kama wafalme, wamejipamba kwa vito na vipini vya puani, wakiamua mustakabali wa Marekani. Wimbo ulirekodiwa mwaka 1979, mwaka wa mapinduzi ya Iran na wa bei ya mafuta kupanda, na hasira ya Wamarekani ilikuwa ikitafuta sura ya kuishukia. Dylan, aliyewahi kuandika kwa huruma juu ya mhudumu mweusi wa hoteli aliyefariki baada ya kupigwa bakora, hapa aliikubali sura ya katuni. Aidha mahubiri yake ya jukwaani yalijaa hesabu za vita vya Har-Magedoni, kwa mfano wa maandiko ya Hal Lindsey, mwandishi wa vitabu vya unabii wa Biblia, yaliyosomwa sana Marekani katika miaka ya 1970. Sina ugomvi na imani yake. Ugomvi wangu ni na dhihaka, na sioni kwa nini nyimbo nzuri zihitaji tuifumbie macho.

Nikizipanga nyimbo hizi, naona za hotuba na za munajati. Za hotuba zinamnyooshea mtu kidole, na zimezeeka. Za munajati hazina adui ndani yake: What Can I Do for You?, ambamo harmonika inaendelea na dua baada ya maneno kumwishia, na juu ya zote Every Grain of Sand, unaofunga Shot of Love. Wimbo huo una rekodi ya majaribio ya Septemba 1980, akiwa na Jennifer Warnes, ambamo mbwa anasikika akibweka, nao wanaendelea kuimba tu. Humo anayehukumiwa ni mwimbaji mwenyewe, na ndiyo maana hata mimi, nisiye wa dini yake, naweza kuitikia amina.

Jirani wa Sinza anajibu:

Naungana na Bin Forodhani kuhusu ule ubeti, hauna utetezi. Nina neno fupi juu ya sisi wasikilizaji. Dkt. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyeingia Dar es Salaam mwaka 1978, alipata kiharusi mwaka 2001, na katika miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki Desemba 2010, aliimba injili. Hadi leo tunapiga Kifo na Narudi Nyumbani, na zile za mwisho tunazinyamazia, ingawa Kifo ulikuwa mahubiri kamili muda mrefu kabla hajaokoka. Remmy aligeuka akiwa mgonjwa, Dylan akiwa na miaka 37 na afya tele, lakini wote wawili tumewafanyia jambo lilelile: tunamdai msanii abaki yule tuliyempenda sisi.

Ndugu Msikilizaji, ukitaka kuanza, weka kando Saved kwa sasa. Anza na Slow Train Coming, kisha nenda moja kwa moja kwenye CD za Toronto ndani ya Trouble No More, ambako karibu nyimbo zote za Saved zimo zikiwa hai. Ukimaliza, sikiliza onyesho la London la tarehe 27 Juni 1981 katika mkusanyo huohuo. Wakati huo alikuwa amekwisha kuzirudisha nyimbo za zamani, na usiku mmoja aliimba Gotta Serve Somebody na Like a Rolling Stone mbele ya watu walewale, akiwa na waitikiaji wa injili nyuma yake katika zote mbili. Sikiliza wanavyouingia ule wa pili, kisha urudi hapa utuambie kama unasikia waimbaji wawili au mmoja.