Nairobi hadi Bayreuth: nipitie Istanbul, Frankfurt au London?

Mwanafasihi254
Wadau hamjambo. Ikisiri yangu imekubaliwa kwenye kongamano la Kiswahili kule Bayreuth, Ujerumani, nami nimepewa nusu saa pamoja na maswali. Wakala amenipa njia tatu. Ya kwanza ni Turkish kupitia Istanbul mpaka Nuremberg, mji wa karibu na Bayreuth. Ya pili ni Lufthansa moja kwa moja mpaka Frankfurt, halafu treni. Ya tatu inapitia London, tiketi mbili za mashirika mawili, na ndiyo ya bei ya chini kabisa. Waliozoea safari hizi, nichukue ipi? Wakala anataka pesa kufikia Ijumaa.

Kiti_cha_Dirisha
Unaenda lini? Nani analipa? Viza unayo? Umeuliza kama mtu anayepanda basi la Kisumu.

MamaTasnifu
Swali la viza lijibiwe kwanza. Kama huna, Ijumaa ya wakala isikutie presha. Mwambie akushikie nafasi na akupe karatasi ya ratiba, ubalozi hauhitaji uwe umeshalipa tiketi. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu huchukua siku 15, lakini wana ruhusa ya kufika 45. Ada ni yuro 90 na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000.

Njugu_Karanga
London achana nayo, boss. Mkenya anahitaji viza ya kupita hata akikaa ndani ya uwanja tu akingoja ndege nyingine. Na kwa tiketi mbili za mashirika tofauti huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua begi, hapo unahitaji viza ya kuingia Uingereza kabisa. Schengen yako haitakusaidia pale. Huyo wakala alikwambia hayo?

Mwanafasihi254
Hakusema. Viza bado, nasubiri barua rasmi ya mwaliko. Kongamano ni mwisho wa Mei. Chuo kitarudisha nauli nikirudi na risiti.

Kiti_cha_Dirisha
"Kitarudisha." Haya.

MamaTasnifu
Mwanafasihi, hizo tiketi mbili nikusimulie. Nilikuwa naenda kikao kidogo Lisbon. Wakala mmoja hapa tao akaniuzia Nairobi–Paris kwa shirika moja, na Paris–Lisbon kwa shirika jingine la bei rahisi. Kwenye karatasi ilionekana safari moja, saa tatu za kubadilisha ndege, nikaona zinatosha kabisa. Ndege ya Nairobi ikachelewa kuondoka. Kufika Paris, foleni ya uhamiaji haisogei, begi nalo lazima nilingoje maana halikuandikishwa mpaka mwisho. Nikavuka jengo moja hadi jengine nikikimbia na bango la utafiti kwapani. Kaunta imefungwa. Hawa wananiambia ungefika mapema, wale wa kwanza wananiambia sisi tulikuuzia Paris na Paris umefika. Nampigia wakala, mteja hapatikani. Nikanunua tiketi nyingine palepale kwa bei ambayo mume wangu hajaijua hadi leo. Nilifika jopo langu limeshapita. Wenyeji wakanionea huruma, wakanipa nafasi ya mwisho kabisa siku ya kufunga. Wasikilizaji walikuwa wachache, na nusu yao walikuwa na mabegi mlangoni wakingoja teksi. Niliporudi, ofisi ya fedha ya chuo ikakataa kulipa tiketi ya pili kwa sababu haikuwa kwenye bajeti iliyoidhinishwa.

Kwa hiyo safari yote iwe kwenye tiketi moja, hapo begi linaandikishwa mpaka mwisho. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo litakalokutafutia nyingine.

Njugu_Karanga
Bango kwapani 😂 pole sana dada.

Mzee_wa_Rongai
Mimi nauliza, nusu saa ya kusoma makala inahitaji kuvuka bahari? Washa Zoom, wasilisha, kula chakula chako nyumbani. Hizo pesa nunua vitabu.

Binti_Likoni
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Kongamano kubwa la watu elfu, sawa, hata Zoom inatosha. Dogo ni tofauti. Watu ni walewale chumbani asubuhi hadi jioni, na aliyekuuliza swali gumu saa nne utakaa naye meza moja wakati wa chai. Msimamizi wangu wa sasa nilimpata kwenye foleni ya kahawa. Kwa Zoom ukimaliza kusema mtu anazima kamera.

Mzee_wa_Rongai
Marahaba. Lakini mbona tunafunga safari mpaka Bavaria, hilo jimbo la Bayreuth, kujadili Kiswahili? Hao Wajerumani waje Lamu.

Binti_Likoni
Wanakuja, tena wengi. Na ukitaka tuwe na kongamano letu la kila mwaka lisiloahirishwa, niko nawe. Lakini mwenye mada ameuliza ndege.

Abiria_wa_Usiku
Nirudi kwenye ndege basi. Mimi ni mtu wa Frankfurt. Usiku mmoja angani na umefika, na treni ziko uwanjani penyewe. Unapanda ICE, treni yao ya kasi, mpaka Nuremberg, saa mbili na ushei, kisha treni ya mkoa mpaka Bayreuth kama saa moja. Ile ya ICE ukiinunua mapema bei ni tofauti sana na ya siku yenyewe.

Njugu_Karanga
Na akikawia uhamiaji, tiketi ya mapema imefungwa kwenye treni moja. Istanbul inamtua Nuremberg moja kwa moja, hahangaiki na Frankfurt. Mimi Turkish siku zote.

Abiria_wa_Usiku
Wewe Turkish hata ukienda Eldoret.

Kiti_cha_Dirisha
Kuna njia ambayo wakala hakumtajia: kutua Munich. Pale ni Bavaria tayari, kwa hiyo anaweza kutumia Bayern-Ticket, tiketi ya siku nzima kwa treni za mkoa. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi ya kwao. Ni polepole lakini ni nafuu. Frankfurt haimo, hilo ni jimbo la Hesse.

Mzee_wa_Rongai
Na malazi? Nasikia Bayreuth hoteli hujaa watu wa opera ya Wagner, bei zinapaa.

Kiti_cha_Dirisha
Tamasha hilo ni Julai na Agosti, mzee. Yeye anaenda Mei.

Mwanafasihi254
Asanteni. London nimeitoa. Nimemwandikia wakala anishikie nafasi ya Istanbul na ya Frankfurt mpaka barua ije, hajajibu. Kuna aliyewahi kuomba waandaaji walipie malazi?

Binti_Likoni
Omba sasa kabla bajeti yao haijafungwa. Na ukipata nafasi pita Iwalewahaus, makumbusho ya sanaa za Afrika pale mjini.

Njugu_Karanga
Plagi zao ni za pini mbili za mviringo, chaja yako ya pini tatu haiingii. Chukua adapta kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, kabla hujaondoka, uwanjani utauziwa kama dhahabu.

Abiria_wa_Usiku
Za Luthuli zinaungua. Nenda supamaketi.

Njugu_Karanga
Yangu ina miaka na haijaungua. Ulinunulia duka gani?